Mkwe na Maji ya Ubatizo

Swali lililoninyima usingizi Mbalibali lilikuwa fupi: kama mwanamke hataki kubatizwa kwa mikono ya baba mkwe wake, mimi niliyemfundisha nimshawishi, au nimwache? Nililala chali kwenye godoro jembamba, kati ya magunia ya mahindi na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa anakoroma, nikalijibu. Kisha nikalibishia jibu langu. Kila nilipopata sababu ya kumshawishi ilikuja sababu ya kumwacha, na nyuma yake sababu ya kujishuku mwenyewe. Ndivyo nilivyo. Hata leo, nikiwa nimemaliza chuo na naandika barua za kuomba kazi, huwa naisoma barua moja mpaka naanza kuliogopa jina langu.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, Nakuru. Likizo ndefu ile ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo ulituma kikundi kwenda kutumika Tanzania, katika kanisa dogo la Mbalibali, wilaya ya Serengeti, na mimi nikajiandikisha kabla sijapata muda wa kuwaza. Tulivuka mpaka pale Sirari na gitaa, maboksi ya Biblia na fulana za rangi moja. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba misheni ya nchi za nje ni ya watu wanaopanda ndege. Sisi tulipigiwa mihuri asubuhi, na kabla jua halijazama tulikuwa tunakula ugali wa muhogo kwa mwenyeji wetu.

Mwenyeji wetu alikuwa mwinjilisti wa kanisa lile, mzee mrefu, mpole, mwenye kikohozi. Nilifika kwenye mji wake, ndivyo wanavyoita boma la mtu kule, nikiwa na kiu ya safari. Nikamwambia mwanamke kijana aliyekuwa anapepeta mtama:

"Nipatie maji ya kunywa."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. "Mkenya," akasema, "salimia kwanza. Maji hayana miguu."

Huyo ndiye aliyekuja kuwa mwanafunzi wangu. Alikuwa mke wa kijana wa mwinjilisti. Mumewe alifanya vibarua Kewanja, karibu na mgodi, na alirudi nyumbani mara chache. Mimi nilipewa darasa la ubatizo la wanawake, na katika darasa lile hakuna aliyeuliza maswali kumzidi. Aliniita "mwalimu" kwa sauti ya mtu anayemwita mtoto "mheshimiwa". Mimi nilimwita dada.

Nilichelewa kuelewa kikohozi cha mzee. Nilidhani ni kifua, hata nikampelekea tangawizi. Akaipokea kwa mikono miwili, akanishukuru sana, na kesho yake akakohoa vilevile. Baadaye nikaona: alikohoa akiwa bado njiani, kabla hajaingia uani, na dada akisikia aliinuka alipokuwa ameketi, akavuta kitenge mabegani, akahamia upande wa jiko. Chakula cha mzee alikipika yeye lakini hakukipeleka. Walipokutana njiani yeye ndiye aliyetoka kwenye njia, akasimama nyasini akitazama chini mpaka mzee apite. Waliongea, tena vizuri, lakini kila mmoja akiwa kwenye upande wake wa ua. Hakuwahi kumpa mkono tangu aolewe. Hakukuwa na ugomvi wowote. Kwa Wakurya mkwe na mkwe huheshimiana hivyo, na dada aliniambia siku moja, bila mimi kumuuliza, kwamba hajawahi kuona mzee anayemjali mke wa mwanawe kama yule.

Ubatizo ulipangwa Jumapili ya mwisho ya safari yetu. Ilikuwa kiangazi. Mto ulikuwa mbali, na lambo la kunyweshea ng'ombe lilikuwa limebaki tope, kwa hiyo tulichimba shimo nyuma ya kanisa, tukatandika turubai, tukaanza kulijaza kwa madumu yaliyoletwa na mkokoteni wa ng'ombe. Kazi hiyo niliipenda. Dumu halina mawazo mawili: limejaa au halijajaa.

Kosa letu tulilifanya mezani. Mchungaji wa eneo lile alikaa Nkende, mjini Tarime, na makanisa madogo yalikuwa mengi, kwa hiyo alikuwa amempa mwinjilisti kibali cha kubatiza. Kiongozi wa kikundi chetu, mwanafunzi wa mwaka wa nne aliyejua kuomba mpaka watu wanalia, alikuwa amesikia habari ya wakwe. Jioni moja, mbele ya wazee wa kanisa na sisi wageni wote, akauliza:

"Baba mwinjilisti, kati ya wanaobatizwa yumo mke wa kijana wako. Je, kuna shida yoyote?"

Mzee alikitazama kikombe chake cha chai. Akakohoa, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpisha.

"Hakuna shida," akasema. "Sisi ni watu wa Injili."

Tukasema amina. Mimi pia nilisema. Tulipotoka nje kiongozi alikuwa anang'aa. "Mmeona? Ukuta umeanguka," akasema. "Nitairekodi kwenye simu. Watu wa nyumbani lazima waione."

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunapukuchua mahindi, mimi na dada, vidole vyangu vikiwa na malengelenge na vyake vikienda kama mashine. Akasema bila kuinua macho:

"Mwalimu, Jumapili msinisubiri."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umebadili mawazo kuhusu Yesu?"

Akacheka. "Kwani Yesu ndiye mkwe wangu? Na yeye sina shida. Nina shida na mikono." Akaweka gunzi chini. "Wewe umeshaona gauni likilowa? Linashika mwili wote. Halafu huyu mzee, ambaye hata mkono sijampa, anishike shingo na mgongo, anilaze, aniinue? Mbele ya watu? Na yule mwenzenu anapiga picha?"

"Lakini mzee mwenyewe amesema hakuna shida."

"Amesema." Akaokota hindi jingine. "Ninyi wiki ijayo mnapanda basi. Mimi Jumatatu nitapita wapi kwenda kuchota maji? Akikohoa nitasimama upande gani? Mume wangu nimempigia. Amesema, fanya na kanisa lenu mnavyotaka, ila nikirudi nikute mji una heshima."

"Basi subiri ubatizo mwingine."

"Nimeshasubiri. Mara ya kwanza nilikuwa na mimba, mara ya pili nilifiwa. Mtoto wangu anakua hajawekwa wakfu kwa sababu mama yake hajabatizwa. Nikikosa hii watasema nimemkataa Mungu. Wameshaanza kusema."

Nilimweleza kiongozi, nikitumaini ataona mwenyewe. Hakuona. Au tuseme aliona kitu kingine, na kilichonisumbua ni kwamba alichokiona hakikuwa upuuzi.

"Huyo ni mwanafunzi wako," akasema. "Kila mtu anayemfuata Kristo kuna kitu anakiacha. Mama yangu aliacha mganga, akafukuzwa nyumbani. Huyu anaombwa aache aibu tu. Mshawishi. Usimwonee huruma mpaka ukamnyima baraka."

Ndiyo maana sikulala. Labda alikuwa sahihi. Labda kile nilichokiita heshima kwa mila kilikuwa woga wangu tu, maana mimi huogopa hata kumwambia kondakta amenipitisha kituo. Labda ningemwacha, na angebaki nje ya meza ya Bwana kwa miaka, kwa sababu mgeni mmoja wa Nakuru hakupenda kubishana. Lakini nikageukia upande wa pili: labda ningemshawishi, angekubali kwa kunihurumia, na mimi ningekuwa nimepanda basi.

Ijumaa nilijaribu. Nasema kweli, nilijaribu kwa bidii. Nilimkuta anatwanga, nikamwambia kwamba ndani ya Kristo sote ni ndugu, kwamba maji ni dakika moja, kwamba mzee atafumba macho. Hilo la kufumba macho nililitunga palepale. Dada alisimamisha mchi.

"Mwalimu, hayo maneno ni yako?"

Nikaanza kuokota punje zilizoruka kutoka kinuni.

"Nilijua," akasema. "Ukisema yako huwa unakwamakwama." Akaendelea kutwanga. Baada ya kidogo akasema kwa sauti ya chini, na hapo hakuwa anatania: "Nataka kubatizwa. Usidhani sitaki. Nataka kuliko hao wote mliowachimbia shimo."

Maneno hayo yalifanya kazi ambayo mawazo yangu ya usiku kucha hayakuweza. Mpaka hapo nilikuwa nimeshika mambo mawili tu, kumshawishi au kumwacha, na nilikuwa nayazungusha kama mtu anayetafuta funguo katika mifuko miwili. Dada hakuwa ameomba lolote kati ya hayo. Alikuwa ameomba maji yaleyale na mikono mingine.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunamimina madumu ya mwisho shimoni. Kiongozi alikunja suruali, akaingia kupima kina.

"Umeongea naye?"

"Nimeongea. Sitamshawishi tena."

"Kwa nini?"

"Naenda Nkende kumwomba mchungaji aje abatize yeye."

Wenzangu waliacha kumimina. Kiongozi alitoka majini polepole. "Hakuna anayetoka peke yake, unajua kanuni. Na unamwendea mchungaji kumsemea mwenyeji wetu? Mzee aliyesema mbele yetu hana shida? Ukiogopa kuwaudhi watu hivi, utamhubiria nani?"

Lilinichoma, kwa sababu ndilo nililokuwa nimejiuliza mwenyewe. Nikasema, "Ninaogopa kila kitu. Hata kwenda naogopa. Lakini naenda." Sauti yangu ilikuwa imepanda kama ya mtoto, nikajifuta mikono kwenye sketi. Kisha nikatembea mpaka barabarani kabla sijaanza kuwaza.

Kijana wa bodaboda alikagua fulana yangu. "Mkenya, shika vizuri," akasema, "hii siyo lami yenu." Sikushika vizuri, nilimkumbatia. Tulipita Kewanja kwenye vumbi la malori, nikawaza kuhusu mume wa dada aliyekuwa mahali fulani mle ndani, nikawaza kama ninavunja nyumba au ninaijenga, nikawaza kama ningeanguka wazazi wangu wangeambiwa nilikuwa naenda wapi na kwa ruhusa ya nani. Mpaka Tarime nilikuwa nimejirudisha Mbalibali kichwani mara nyingi. Pikipiki haikurudi.

Mchungaji nilimkuta Nkende kwenye duka la mkewe, anapima mchele. Alikuwa Mkurya mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Safari hii nilikumbuka.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, binti. Mbona mweupe kama umetoka kwenye unga?"

Nikamweleza nikiwa nimesimama, vumbi likinidondoka. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikaanza tena. Yeye alisikiliza huku kijiko cha kuchotea mchele kikiwa hewani. Nilipofika kwenye jioni ile ya mezani akanikatiza.

"Ngoja. Mlimuuliza kama kuna shida. Mlimuuliza wapi?"

"Mezani."

"Nani alikuwepo?"

"Wazee wa kanisa. Na sisi."

"Ninyi wageni wake. Mnaokula kwake." Akaanza kucheka, taratibu, halafu kwa mwili wote, mpaka mchele ukamwagika na mkewe akaita kutoka ndani kuuliza nani analipa. "Binti, mlimkaba mzee wangu! Alitakiwa aseme nini? Aseme, wageni, naona aibu kuushika mwili wa mkwe wangu ukiwa umelowa? Neno hilo halitoki kwenye kinywa cha mzee wa Kikurya. Hata kwangu halikutoka."

"Kwako?"

"Wiki hii amenipigia mara mbili. Mara ya kwanza kaniuliza habari za watoto. Mara ya pili kaniuliza kama sina safari ya Mbalibali siku za karibuni. Nikamwambia sina, Jumapili nina ibada hapa. Akakaa kimya, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Halafu akasema, haya, baba, ubarikiwe." Mchungaji alivua miwani akafuta macho. "Kumbe alikuwa ananiita."

Nikakaa juu ya gunia bila kukaribishwa. Siku zote hizo nilikuwa nimepima upande wa Injili na upande wa mila, nikimweka mzee upande mmoja na dada upande mwingine. Kumbe walikuwa pamoja wawili hao, kila mmoja kwenye upande wake wa ua, wakisubiri mtu mwingine aseme. Ukuta tuliojisifu kwamba umeanguka tulikuwa tumewaangushia wao.

"Nitakuja kesho baada ya ibada ya hapa," mchungaji akasema. "Nitasema nimewakumbuka. Mwinjilisti sitamwambia sababu, na wewe usimwambie. Ila kiongozi wenu mwambie yote, huyo hana mkwe pale. Na jambo jingine. Mimi sibatizi mtu nisiyemfundisha kabla mwalimu wake hajasimama ukingoni aniambie yuko tayari. Si watu wote kunyoosha mikono, ni mwalimu mmoja, kwa mdomo wake. Jiandae."

Nilirudi jua likiwa linaelekea kuzama, nikamweleza kiongozi mbele ya wenzetu, kila kitu, hata kicheko. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hakugomba. Ningependa angegomba.

"Kuhusu mzee nilikosea," akasema. "Nitalibeba hilo. Lakini nikuulize kwa dhamiri, wewe mwalimu wake. Alitakiwa kuchagua kati ya ubatizo na mila, akachagua mila. Kesho utasimama useme huyo yuko tayari?"

Nilikula, nikaosha vyombo, nikaenda kulala, na swali likaja kulala nami. Yuko tayari ni nini? Nani alinipima mimi siku yangu? Nilibatizwa darasa la saba, kwenye bwawa lenye vigae, na nilichokuwa nawaza ni nywele.

Jumapili mchana tulisikia pikipiki. Mchungaji alishuka akiwa na kofia ya chuma na viatu vya mvua, akapiga kelele kwamba amewakumbuka watu wake. Mwinjilisti alimpokea kwa mikono miwili, akamwongoza, akamkalisha, akamletea maji. Ulipoanza wimbo wa kwenda shimoni, mzee alichukua fimbo yake.

"Ng'ombe hawajui Jumapili," akawaambia wanaume kwa sauti. "Niwatazame kidogo." Akaondoka kuelekea lambo, mgongo umenyooka, bila kugeuka. Nilimsikiliza mpaka alipotoweka. Hakukohoa hata mara moja.

Wanaume walibatizwa kwanza. Ilipofika zamu ya wanawake, akina mama walifungua vitenge, wakashika ncha kwa ncha kuzunguka shimo, wakajenga ukuta wa maua na samaki na kuku. Kiongozi alibaki nje pamoja na wengine. Niliiona simu mkononi mwake, nikamtazama, akaitia mfukoni. Lakini macho yake hayakunitoka mpaka nilipoingia ndani ya vitenge.

Dada alisimama ukingoni, miguu mitupu, gauni jeupe la kuazima. Mchungaji alikuwa majini hadi kiunoni.

"Mwalimu wake yuko wapi?"

"Niko hapa."

"Unamjua huyu?"

"Namjua."

"Yuko tayari?"

Yalikuja yote, kama nilivyojua yangekuja: mama wa kiongozi aliyefukuzwa, mume Kewanja, woga wangu, basi la Jumatano. Nilisubiri lipatikane jibu lisilokuwa na pingamizi. Halikupatikana. Kilichokuwepo ni mwanamke aliyesimama mbele ya maji aliyoyataka kuliko sisi tuliochimba shimo, ambaye hakukubali kuyaingia kwa kumvunjia mzee heshima, na sikuona kwamba Mungu angekasirishwa na hilo. Ningeweza kukosea. Nikaona kwamba hata nikikosea, nataka kukosea upande huu.

"Yuko tayari," nikasema.

Wimbo wa nje ulikuwa juu. Mchungaji akaweka mkono sikioni. Nikavuta pumzi, nikageukia ukuta wa vitenge, upande ambao nilijua kiongozi amesimama.

"Yuko tayari! Nimemfundisha mimi, na ninamshuhudia!"

"Mwalimu," dada akanong'ona, "wamekusikia mpaka Sirari."

Mama mmoja alicheka, ncha ya kitenge ikamponyoka. Niliiokota, nikaishika juu kwa mikono miwili, nikageuza uso pembeni, na dada akaingia majini.